Kanda ya Baba Yake Namkunda

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo natazama chini, hata nikiwa peke yangu na redio yangu, bila anayeniangalia. Nilikuwa kijana wa rika lako hivi. Nilikuwa dijei. Naam, usicheke, nilikuwa dijei pale Same kabla hamjazaliwa ninyi mnaodhani muziki mmeuvumbua ninyi. Siku hiyo sipendi kuisimulia. Lakini juzi ulikaa hapa barazani na laptopu yako ya udijei magotini, ukaniambia flashi imejaa, kwa hiyo faili zako zote kubwa utazigeuza ziwe MP3 ndogo ndogo, kisha zile kubwa uzifute. Nikakuuliza, hata ile kwaya ya akina mama wa Chome uliyoirekodi mwenyewe? Ukanijibu, "Mzee, hata hiyo. Sikio la mtu halijui tofauti."

Ukaona nimenyamaza, ukadhani nimekubali. Nilinyamaza kwa aibu, mwanangu. Ulikuwa umetoka kunieleza vizuri kabisa kwamba WAV inabeba sauti yote kama ilivyo, FLAC inaikunja lakini haitupi kitu, na MP3 inatupa kile inachodhani hukisikii. Neno hilo, "inachodhani," lilinichoma. Mimi nami niliwahi kudhani.

Sasa sikiliza. Ilikuwa miaka ile ya shida, ambayo ukiisikia kwa wazee unaona wanatia chumvi. Sabuni shida, sukari foleni, betri za redio ukizipata unaficha mvunguni. Kisha ruksa ya biashara ikaanza kuingia, mitumba ikashuka, na vitu vya magendo vilivyokuwa vinapita kwa wavuvi wa Ziwa Jipe vikaanza kuuzwa mchana kweupe. Ndipo nilipopata redio kaseti ya deki mbili, ampilifaya ya kuungaunga na spika mbili za honi. Jenereta niliazima kwa mjomba. Lo! Nilikuwa naringa mji mzima. Nilijipa jina la Dijei Radi, na nikiitwa jina langu la ubatizo naweza nisigeuke.

Kanda tupu ndizo zilikuwa adimu, na hapo ndipo ujanja wangu ulipokuwa. Nilitafuta kanda ndefu kuliko zote, zile za utepe mwembamba, nikajaza nyimbo hadi pembeni. Halafu deki yangu ilikuwa na kitufe cha kurekodi kwa kasi: unaweka kanda huku, unaweka nyingine kule, unabonyeza, na wimbo mzima unapita kwa haraka ukilia kama vifaranga. Sauti inayotoka haiwi ile ile. Inapungua ncha zake, na ukinakili tena kutoka kwenye nakala inapungua zaidi. Nilijua. Ila kwenye redio ndogo ya mkononi husikii kitu, na wateja wangu walikuwa na redio ndogo. Watani zetu Wachaga wanatusema sisi Wapare kwamba soda moja tunainywa Krismasi na kuimalizia Pasaka. Wanatuonea, lakini kwa habari ya kanda mimi nilikuwa Mpare wao kamili.

Basi, akaja mama mmoja kutoka Chome, milimani. Tutamwita Mama Namkunda, maana Namkunda ndiye binti yake aliyekuwa anaolewa, na mimi ndiye niliyekodiwa kupiga muziki wa harusi. Baada ya shikamoo na habari za huko juu, alifungua pindo la khanga akatoa kanda. Mumewe alikuwa nyapara kwenye shamba la mkonge huku tambarare. Aliugua binti akiwa bado mtoto, akaona hatafika harusi yake, akamwomba mwenzake mwenye redio amrekodi. Kwetu binti haondoki nyumbani kabla baba hajamtamkia baraka, yeye akiwa amepiga magoti uani na watu wote wakisikia. Yule mzee alitaka kuzitamka mwenyewe hata akiwa kaburini.

"Binti mwenyewe hajaisikia," mama yule akaniambia. "Anajua tu kwamba baba yake kamwachia neno. Mimi nimeisikia siku ile anasema, basi. Uipige akiwa amepiga magoti, mwanangu, kisha unirudishie mkononi."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Umefika," nikasema.

Alipoondoka niliiweka kwenye deki nikasikiliza mwanzo. Ee Mungu wangu, sauti ile ilikuwa safi! Unasikia kitanda kikilia anapojigeuza, unasikia anavyovuta pumzi kabla ya kusema. Alianza kwa salamu kwa Chasu, Kipare chetu, akawataja ndugu zake mmoja mmoja kama mtu anayeingia mlangoni. Sikusubiri amalize. Nilikuwa na haraka zangu, na kuna binti wa hotelini alikuwa ananingoja, hilo nalo nikuambie tu.

Wakati ule sifa ya dijei ilikuwa muziki usikatike. Kubadilisha kanda katikati ya sherehe niliona ni ushamba. Kwa hiyo nikaamua kuinakili sauti ya mzee kwenye kanda yangu ndefu ya harusi, katikati ya wimbo wa kumtoa bibi harusi na rumba la kufungulia dansi. Nikabonyeza kile kitufe cha kasi. Sauti yake ikapita ikilia kama vifaranga, kisha kimya. Nikasubiri kidogo, kimya. Nikasema amemaliza, nikazima, nikaunganisha rumba. Nikaijaribu kwenye redio ndogo, mwanzo wake tu, nikaona iko sawa.

Hadi hapo, mwanangu, kosa lilikuwa bado lina dawa. Lakini ile kanda yake ilikuwa nzuri, ngumu, ya utepe mnene, na vile vijimeno vya nyuma vinavyovunjwa ili isirekodiwe tena hakuna aliyevivunja. Nikaishika mkononi nikawaza, maneno ninayo tayari, hii kanda itakaa bure kwenye sanduku la bibi kizee huko mlimani. Nitampa nakala, atajuaje tofauti? Nikarekodi rumba juu yake, pande zote mbili.

Siku ya harusi tulipanda Chome na Landirova, spika zimefungwa juu. Ua umejaa watu, makande yanachemka, wazee wana dengelua yao, pombe ya miwa, kwenye kona ambayo mchungaji alijifanya haioni. Alasiri ikafika, Namkunda akatolewa na shangazi zake, akapiga magoti kwenye mkeka. Baba yake mdogo, Mzee Eliakimu, alinyanyua mkono na ua wote ukanyamaza. Mama yake akanitazama akaitikia kwa kichwa. Nikabonyeza.

Kwenye redio ndogo sikio halijui tofauti, ndivyo ulivyosema. Kwenye spika za honi, mbele ya ua mzima, tofauti inajitangaza yenyewe. Sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa, na mkwaruzo kama mchanga mtupu juu yake. Utepe mwembamba ukayumba, sauti ikalegea ikawa nzito. Watu wakaanza kuulizana, "Ati anasemaje?" Bibi mmoja akaweka kiganja sikioni. Namkunda aliinua uso akaangalia spika, na niliona midomo yake inajaribu kufuatisha maneno. Salamu zilipita, majina ya ndugu yakapita nusunusu. Kisha kimya. Na baada ya kimya, rumba.

Jamani! Rumba lilipasuka pale uani na vijana wawili walioshiba dengelua wakaruka kucheza. Nikarukia deki nikazima, nikaangusha na meza. Katika utulivu ule nilimsikia mama yake akisema, "Bado. Bado hajafika. Hapo alinyamaza kwa sababu alikuwa analia. Baraka zenyewe ziko mbele, na lile jina alilokuwa anamwita yeye peke yake."

Mzee Eliakimu alinijia polepole. Hakupaza sauti. "Kijana, weka kanda yenyewe, ile uliyopewa."

Nikamwambia, "Iko Same, baba. Nimeisahau."

Ulimi wangu ulitoa maneno hayo kabla sijayafikiria, na yakawa yangu tangu siku ile. Yule mzee alinitazama usoni. Nadhani alijua. Akasema, "Heri basi ungeisahau kwa mama yake," akageuka, akaenda kumbariki binti kwa kinywa chake yeye. Alibariki vizuri, sina la kusema. Ila Namkunda aliponyanyuka mkekani alikuwa bado anaangalia spika.

Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilijaribu kuyazoa. Nilipeleka nakala yangu Moshi kwa fundi anayejua redio. Tukaongeza sauti nyembamba, mchanga ukaongezeka. Tukainakili kwenye kanda mnene, mpya kabisa, tukapata mchanga ule ule kwenye kanda nzuri. Yule fundi akavua miwani akaniambia, "Mdogo wangu, mimi natengeneza kilichoharibika. Hiki hakikuharibika, hakipo."

Hapo ndipo ningepaswa kupanda Chome, nipige magoti mimi, niseme. Sikupanda. Kila Mama Namkunda aliposhuka gulioni Same nilimwambia kanda ipo, imechanganyika na nyingine, natafuta. Alinijibu, "Hewala, mwanangu, mambo ya vitu vingi ndivyo yalivyo." Mara nyingine aliniletea ndizi. Nilizila, mwanangu. Baadaye nikianza kumwona kwa mbali nilikuwa napitia nyuma ya ofisi za wilaya, mtu mzima na ndevu zangu namkimbia mama mwenye kikapu. Miaka ikaenda. Udijei niliacha, nikauza spika, nikaoa. Uongo sikuuza, ulikaa nami.

Kisha yule mama akafariki. Nilipanda kwenye msiba kwa sababu ningeonekana vibaya nisipoenda, hiyo ndiyo sababu, sitaipamba. Tulipokwisha kuzika, Namkunda alinifuata kando ya migomba. Alikuwa mtu mzima sasa, mfanyabiashara wa tangawizi, ana watoto wake. "Kaka," akasema, "mama hayupo tena. Naomba ile kanda uitafute kwa nguvu zako zote. Ndiyo iliyobaki."

Nikamwambia yote, pale pale. Kitufe cha kasi, kile kimya, rumba juu ya baba yake, na "iko Same." Nilingoja anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana.

Akasema kwa sauti ya chini, "Mama alikuwa anayajua maneno yale yote. Neno kwa neno. Kila nikimwomba aniambie baba alisema nini, alikuwa ananijibu, ngoja kaka yako aipate kanda, usikie kwa mdomo wa baba yako mwenyewe, mimi nitakuharibia. Ungesema mapema, kaka, angeniambia." Akajifunika uso kwa khanga. "Na lile jina pia. Mimi nilikuwa mdogo, silikumbuki."

Ndiyo hiyo, mwanangu. Nilidhani nimefuta kanda. Kumbe uongo wangu ulifuta na mtu wa pili aliyekuwa ameyabeba maneno yale, akazikwa nayo tumesimama tunatazama. Kwa kosa la kwanza ningejitetea kwamba nilikuwa kijana mpumbavu na kanda zilikuwa adimu. La pili nililifanya nikiwa na akili zangu zote, mwaka baada ya mwaka. Majuto ni mjukuu, na wangu huyu amekua hadi ananizidi kimo.

Kwa hiyo nasema wazi, usije ukasema nilikupiga mafumbo. Kupiga MP3 harusini si dhambi. Flashi ni ndogo, safari ni ndefu, nenda nazo, ila uzitengeneze zile nzito nzito, zisizobanwa sana, na uzijaribu kwenye spika kubwa kabla ya siku yenyewe, usikilize hadi mwisho. Usiamini kimya, maana mtu anaweza kuwa analia. Usiniletee MP3 uliyoigeuza kuwa WAV ukaniambia umeiponya, mimi nilishalipeleka jambo hilo Moshi. Lakini sauti ya asili, hasa ya mtu ambaye huwezi kumrudia kumwomba aseme tena, iache nzima katika WAV yake au FLAC, uiweke mahali pawili, na hata ukikosa nafasi ya kulala wewe, yenyewe isikose. Wale akina mama wa Chome wawili wao umri umekwenda sana. Ukishindwa kununua diski nyingine, njoo, nitauza mbuzi.

Na ikitokea ukakosea, maana utakosea, siku hiyo hiyo panda ukaseme. Waache wakutukane, wakufukuze, wakunyime na chakula. Mwenye mali akijua imepotea bado anaweza kuitafuta kwingine. Ukimwambia "ipo, natafuta," unamfunga miguu.

Haya, nenda, mwanangu. Mungu akupe sikio la kusikia hadi mwisho na ulimi usioniiga mimi. Akupe watoto, uwabariki kwa kinywa chako mwenyewe ukiwa hai, nao wayasikie maneno yako yote.