Nilivyotaja timu yangu ya kuokoa dunia mbele ya baba mukwe, Nyamitaba

Wakuu, salamu kutoka milimani Masisi, kwenye ukungu na mutandao wa kubahatisha.

Nataka niwasimulie jambo lililonipata miye mwenyewe, miaka mine iliyopita. Chumvi sitaongeza, kwa sababu muke wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila mustari, na amesema nikidanganya atafungua akaunti yake humu anisahihishe mbele yenu.

Kiswahili changu ni cha Kivu: tukisema njo ni ndio, ao ni au. Munivumilie.

Miye ni mwalimu wa shule ya musingi pale Kalembe, Masisi inapopakana na Walikale. Kwetu ni Kibabi, familia ya wakulima. Maharagi, viazi, mahindi, basi. Ng'ombe tulikuwa tunawajua kwa ubaya tu, siku wakiingia mu shamba.

Sasa nikapenda binti wa wafugaji.

Anaitwa Odette, kwao ni Nyamitaba. Alikuwa anakuja Kalembe siku ya soko kuuza fromage, jibini ya ng'ombe zao. Mara ya kwanza nilinunua fromage kwa sababu nilikuwa na njaa. Mara ya pili mpaka ya kumi na moja ilikuwa sababu ingine. Fromage yenyewe siipendi mpaka leo. (Amesoma hapo sasa hivi. Amenikazia macho. Tuendelee.)

Tulipokubaliana kwamba nilete wazee kwao, Odette akaniambia, "Fabien, mahari si njo shida. Shida ni swali ya Papa."

Nikauliza swali gani.

Papa yake, Papa Silvani, ni muntu wa hadithi. Hakusoma sana, lakini hadithi za wazee, michezo ya redio, vitabu vya picha vya watoto, vyote anavijua. Na kila kijana anayekuja kuposa kwake anaulizwa jambo moja: dunia inataka kuharibika, chagua watu watano wa mu hadithi, wasiokuwa wa kweli, waiokoe. Halafu ueleze kwa nini hao.

Mukifikiri ni mchezo, mujue vijana wawili walikuwa wamesharudishwa kwao.

Wa kwanza alijibu kwamba dunia iko mu mikono ya Mungu. Papa Silvani akamwambia, "Amina. Basi na bibi wa kuoa pia umungojee Mungu akuletee."

Wa pili alijitia yeye mwenyewe mu timu. Tena kapiteni.

Wakuu, nilisoma mwezi muzima. Niliazima vitabu vya picha vya wanafunzi wangu. Nilimupigia bibi yangu kule Kibabi, mama ya baba yangu, anikumbushe hadithi zake. Nilisikiliza mchezo wa redio ambao sikuwa nauelewa. Niliandika kila kitu mu kaye, daftari ya shule, na rangi mbili, ya bluu na nyekundu.

Papa mudogo Zakaria, ndugu wa baba yangu, njo alikuwa musemaji wetu. Aliona ile kaye akaniuliza, "Tunaenda kuposa ao tunaenda kufanya egzame ya Leta, ule mutihani wa serikali?"

Tulifika Nyamitaba siku ya Mungu, Jumapili, baada ya misa. Nyumba iko juu ya kilima, majani ya kijani mpaka macho yanachoka, ng'ombe wametawanyika kama mawe. Papa Silvani alitungojea mulangoni: murefu, mwembamba, kofia, bote za mupira miguuni, fimbo.

Mama Odette akatuletea mashanza, yale maziwa ya kuganda. Papa mudogo Zakaria, ambaye mwaka ule ng'ombe walikuwa wamemumalizia maharagi, alinusa kikombe kwanza kama polisi. Kisha akanywa. Kisha akaomba kingine.

Salamu zikaisha. Papa mudogo akaanza ile hotuba yake aliyoifanyia mazoezi, kwamba tumeona ua zuri mu bustani hii. Papa Silvani akainua mukono.

"Hiyo ya maua tutasema nyuma. Kijana, dunia inataka kuharibika. Leta watu wako."

Nikasimama. Nikafungua kaye.

Wa kwanza nikamutaja Komanda Radi, wa mu kitabu cha picha. Anatupa radi kwa mukono, anachoma adui akiwa mbali.

Papa Silvani akaangalia chini kidogo.

"Radi," akasema. "Mwaka juzi radi iliniulia ng'ombe tatu chini ya muti moja. Weye unaniletea muntu wa radi awe mulinzi?"

Nikatafuta bik, ile kalamu, mu mufuko.

"Tena komanda," akaongeza. "Huku kwetu tumekosa makomanda?"

Nikamukata. Nilimukata kweli, kwa bik nyekundu, mbele yao.

Wa pili alikuwa Dada Sikio, wa mchezo wa redio, anasikia siri za adui nyuma ya ukuta. Hapo Mama Odette akasema kutoka jikoni, bila hata kutoka, "Huyo hapana. Atasikia vyenye tunasema juu ya majirani."

Nikakata.

Wa tatu njo nilikuwa namutegemea. Dokta Masaa, mzee mwenye saa ya mukono inayorudisha wakati nyuma. Nikaeleza kwa ufundi: dunia ikiharibika, yeye anazungusha saa, tunarudi mahali kabla ya ubaya kuanza.

Papa Silvani alisogeza kofia nyuma. Nikafikiri nimeshinda.

Kisha akauliza, sauti ya chini, "Anaturudisha mwaka gani?"

Wakuu, Papa mudogo Zakaria akaangalia kikombe chake. Ninyi wa mbali pengine hamutaelewa haraka, lakini muntu wa Masisi ukimuuliza arudi mwaka gani, anahesabu miaka ya vita, anahesabu, haoni pa kusimama.

"Tena akirudisha sana," Papa Silvani akasema akijaribu kutabasamu, "Odette atakuwa mutoto, na weye utakuwa umekuja hapa bule."

Nikakata Dokta Masaa.

Wa ine alitoka kwa bibi yangu: Kibegabega, jitu linalobeba kilima begani. Kabla sijamaliza, Papa Silvani akauliza, "Anakula nini?"

Hapa njo mambo yaliharibika, kwa sababu Papa mudogo Zakaria alikuwa amelelewa na hadithi ya Kibegabega. Akajibu kabla yangu.

"Anakula viazi."

"Viazi ngapi?"

"Shamba moja asubuhi, moja mangaribi."

"Basi huyo iko njaa, haiko shujaa. Atamaliza Masisi mu juma moja, aingie Walikale."

"Na ng'ombe zenu zinakulaka nini? Haziko zinamaliza Masisi?"

Nikafunga macho.

Papa Silvani akasimama. Papa mudogo naye akasimama. Wazee wawili, jumla ya miaka kama mia na thelathini, wanagombana juu ya tumbo la muntu ambaye hayupo. Mumoja anasema jitu likule majani kama ng'ombe. Mwengine anasema hadithi ni ya Kibabi, muntu wa Nyamitaba hawezi kubadilisha chakula chake. Fimbo ilikuwa inapiga chini. Odette alikuwa mulangoni, mikono kichwani. Niliona harusi yangu inashuka kilima ikienda zake.

Mama Odette njo aliwakalisha. Hakupandisha sauti. Alitoka jikoni, akafuta mikono mu kitenge, akaketi kati yao, nao wakaketi.

Akaniangalia miye.

"Fabien, tulipokimbia vita, Odette alikuwa na miaka mine. Tulitembea siku tatu. Papa yake alimubeba mugongoni, akamuhadithia. Kila mutoto akilia, yeye anaongeza shujaa mu hadithi. Tulifika na mashujaa arubaini." Akacheka kidogo. "Lakini mama mukwe wangu hakuweza kutembea. Tulimuacha njiani kwa mama moja, hatukumujua, hakutujua. Mama ule alikataa kukimbia. Alibaki naye, akamupikia uji mpaka siku tulirudi kumuchukua. Jina yake hatukuuliza, tulikuwa na haraka. Sasa miye nauliza. Mu timu yako, nani anabaki na wale hawawezi kukimbia?"

Nikaangalia kaye. Majina mane: linalochoma, linalosikiliza siri, linalorudisha wakati, linalobeba kilima, hakuna linalobaki na muntu. La tano lilikuwa muntu anayetapika moto. Sikumutaja. Mpaka leo wale wazee hawajui.

"Sikuwaza hiyo, Mama," nikasema.

"Waza sasa."

Nikawaza. Nikasema ukweli, kwa sababu uongo wote ulikuwa umeisha.

"Miye sijui kupigana. Hata kukimbia sijui muzuri. Lakini pale shuleni, mvua ikipiga mabati, sauti yangu haisikike, na watoto wadogo wanaogopa ngurumo. Basi nawahadithia na mikono, bila kusema. Wanaacha kulia. Pengine naweza kubaki nao."

Papa Silvani akasema, "Fanya."

"Nifanye nini, Papa?"

"Iyo hadithi ya mikono. Tuone."

Wakuu, nilikuwa nimevaa koti ya kuazima. Nimekuja kuposa. Mbele yangu wazee wawili na mama, nyuma yangu mwanamuke ninayemupenda. Nikapiga magoti chini, nikaanza.

Nilitembea na mikono na magoti. Nikatikisa ndevu ambazo sina. Nikaingia ofisini kwa muntu, nikaangalia huku na huku, nikachukua karatasi juu ya meza, nikaanza kuzitafuna. Papa mudogo Zakaria alifunika uso na kofia yake.

Papa Silvani alikuwa ameinama mbele kabisa.

"Najua," akasema. "Anatafuna makaratasi ya watu. Ni shefu wa lokalite, mukubwa wa kijiji."

"Hapana, Papa. Ni mbuzi."

Akafikiri.

"Sikukosea sana."

Mama Odette alicheka mpaka akafuta machozi na kitenge. Papa mudogo akaondoa kofia usoni, akacheka pia. Odette peke yake hakucheka, alikuwa anaangalia papa yake.

Mzee akajikohoza, akarudisha uso wa kazi.

"Timu yako ni mubaya," akasema. "Nimeuliza swali hii miaka mingi, sijasikia timu mubaya hivi. Lakini weye unakata. Nikikuonyesha kosa, unakata, haununi. Muke wako atakuonyesha makosa kila siku. Muntu mwenye anajua kukata anaweza kukaa na mutoto wangu." Kisha akamugeukia Papa mudogo. "Sasa leta ile hotuba yako ya maua."

Papa mudogo alikuwa ameisahau yote.

Tulioana mwaka uliofuata. Wale wazee wawili wamekuwa marafiki wa ajabu. Papa mudogo anapanda Nyamitaba kila akipata nafasi, anasema anaenda kusalimia, lakini sisi tunajua anaenda kugombana.

Funzo langu, wakuu, ni kwamba nilipoteza mwezi nikitafuta watu wa kuangusha adui, na sikuwaza hata kidogo juu ya watu wa kuokolewa: nani mugonjwa, nani mzee, nani analia. Mama moja bila jina alishinda kaye yangu yote. Ukienda kuposa, ao ukienda kuomba kazi, ao ukitaka kuongoza hata kikundi cha wimbo, anza na wale hawawezi kukimbia. Nguvu utaitafuta nyuma.

Sasa sababu ya kufungua uzi huu leo.

Mudogo wake na Odette amepata muchumba, fundi wa redio kutoka Walikale. Anakuja juma ya kesho. Jana alinitumia ujumbe, ananiomba kwa heshima nimuambie jibu. Nikamwandikia, "Kaka, omba Mungu." Kwa sababu Papa Silvani ameniita niketi upande wake, juu ya ile benchi, nisaidie kuuliza.

Basi wakuu, shusheni timu zenu hapa, watu watano watano, na sababu zake. Nataka nizoee kutafuta makosa, nijue mapema pa kumukamata. Odette anasema niwaambie kwamba yeye yuko upande wa fundi.