Swali Aliloliogopa Shahidi Wetu

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu alinionyesha kiti chenye miguu mitatu na kuniambia nikiegemeze ukutani kabla ya kukikalia. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na tai, na mkononi nilishika diploma yangu ya sheria ndani ya bahasha ya kaki. Diploma hiyo sikupewa na mtu. Nairobi nililinda geti la ghala mchana na kusoma jioni, na hakuna mjomba wala mwanasiasa aliyeninunulia hata daftari. Kwetu Suneka watu walizoea kuona waliokwenda Nairobi wakirudi na godoro lililofungwa kamba na hadithi ndefu. Mimi nilirudi na karatasi yenye muhuri, na mpaka leo imetundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuiona.

Ofisi ilikuwa ghorofani mjini Kisii, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Wakili Mkuu alinitazama kuanzia viatu hadi tai.

"Wewe ndiye wa diploma?"

"Ndiye mimi, mheshimiwa."

"Basi diploma ishuke ngazi iende hospitalini. Kuna mtu wa baiskeli amegongwa jana. Nataka kujua nani aliona. Si nani alisikia. Nani aliona."

Nilipofika mlangoni Karani Mkuu akaniita. "Vua hiyo tai, kijana. Ukiingia nayo wodini wagonjwa watadhani umekuja kupima majeneza."

Niliivua. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya karani wa nje, yaani karani anayetafuta kesi ilipo badala ya kuingojea mezani. Majeruhi akiwa bado kitandani, mimi nilikuwa kituo cha polisi kuhakikisha ajali imeandikwa kwenye kitabu cha matukio, kisha kuchukua abstrakti, ile karatasi ya polisi inayosema gari lipi liligonga na lina bima ya nani. Baada ya hapo nilifuatilia fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Kisha wakili aliandika barua ya madai, na wenye bima wakinyamaza tukaenda kortini. Wengine walichukua mwezi mzima kwa kazi niliyoimaliza kwa wiki. Mawakili watatu walijaribu kuniiba kutoka ofisi ile, na hilo linajulikana Kisii nzima.

Kesi za baiskeli zilikuwa na ugumu wake. Dereva wa gari akigonga gari mwenziwe, wote wana namba, wote wana bima, wote wana la kusema. Akimgonga mtu wa baiskeli, husema maneno yale yale: aliingia barabarani ghafla. Mtu wa baiskeli naye mara nyingi hakumbuki chochote, kwa sababu aligongwa kutoka nyuma. Hapo korti hugawa lawama. Ikiona mwendesha baiskeli naye alikosea kwa robo, fidia yake hukatwa robo. Ndiyo maana Wakili Mkuu alisisitiza aliyeona. Bila shahidi wa macho, lawama hugawanywa kwa kukisia.

Niligundua mapema kwamba kila mtu katika kazi hii ana hofu yake. Majeruhi anaogopa neno la daktari. Mkewe anaogopa nyumba itakayomngoja akibaki na mume asiyeweza kulima. Shahidi anaogopa mwenye gari. Nilidhani hofu hizo nimezijua zote, hadi nilipohamishiwa Nyamira.

Huko tulifungua tawi, nami nikapandishwa cheo kuwa karani mkuu chini ya mwanamke tuliyemwita Bibi Wakili. Alikuwa mkali, na alikuwa hodari. Faili ikikosa karatasi moja alikurudishia kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma sahani ya chakula kilichochacha. Mimi hakuwahi kunirudishia. Niseme ukweli, alinitegemea.

Kesi ninayotaka kuwaeleza ilikuwa ya Onchiri. Alibeba ndizi kwa baiskeli kutoka upande wa Nyamache hadi soko la Keumbu, mikungu minne nyuma na miwili ubavuni, na alfajiri moja lori la mchanga lilimgonga karibu na Keumbu. Mfupa wa paja ulivunjika vipande, na nyonga ikatoka mahali pake. Dereva alisema Onchiri alitokea kwenye njia ya pembeni bila taa. Mwenye lori aliishi Nyamira, kwa hiyo kesi tuliifungua huko.

Aliyeona alikuwa mmoja tu, Mama Kwamboka, mjane aliyeuza chai na mandazi katika hoteli ndogo ya mabati sokoni. Alikuwa njiani kwenda kuwasha moto wake. Aliona lori likikwepa shimo, likatoka kwenye lami na kumfuata Onchiri pembeni kabisa alikokuwa. Yeye ndiye aliyeshuka mtaroni, akamfunga paja kwa leso yake na kukishika kichwa chake magotini mpaka watu walipokuja.

Niliandika taarifa yake kama sheria inavyotaka: alisimama wapi, ilikuwa saa ngapi, kulikuwa na mwanga gani, alikuwa na nani. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Mwanga ulikuwa wa taa za lori. Alikuwa peke yake. Akaweka kidole gumba. Taarifa ya shahidi hupelekwa kwa upande wa pili kabla ya kesi kusikilizwa, nayo ikapelekwa.

Siku chache baadaye nilipita Keumbu kunywa chai kwake. Turniboi, yaani utingo wa lile lori, alikuwa amekaa kwenye benchi la kati, mguu juu ya mguu.

"Mama, mandazi yako matamu," akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Lakini hebu tuambie. Mwanamke mzee, peke yake, giza lile. Ulikuwa unafanya nini barabarani?"

Fundi mmoja wa viatu akacheka. "Alikuwa anakusubiri wewe, mrembo."

Watu wakacheka, na turniboi akacheka nao. Kisha akalitazama andazi alilolishika, akalirudisha kwenye sahani bila kulimega, akatoka. Kicheko kikaisha. Mzee aliyekuwa karibu nami alisukuma kikombe chake mbele taratibu, kikiwa kimejaa.

Wasomaji wa mbali huenda wasielewe. Kwetu Gusii, mjane mzee anayeishi peke yake na kuonekana njiani usiku anaweza kupewa jina moja, omorogi, yaani mchawi, na jina hilo halichunguzwi na korti yoyote. Watu wamechomwa ndani ya nyumba zao kwa sababu yake. Mimi ni mtu wa diploma na muumini wa kanisa, siamini uchawi hata kidogo. Lakini umati unaoamini nimeuona kwa macho yangu, na ule nauamini.

Wiki ile Mama Kwamboka alikuja ofisini Nyamira. Hakukaa.

"Karani, mwanangu, futa jina langu."

"Mama, limeshafika kortini. Halifutiki."

"Basi usiniite."

"Bila wewe Onchiri atapunguziwa. Wataamini dereva."

"Nilichoona nilikiona. Hata leo nitakisema." Aliminya pochi yake. "Lakini yule wakili wao ataniuliza saa ile nilikuwa wapi na nilikuwa na nani. Ataniuliza mbele ya watu wa kwetu. Wewe utawajibu nini watakaponifuata nyumbani?"

Nilimpeleka kwa chifu wa kwao. Chifu alisikiliza, akauliza kama kuna aliyemtisha kwa mdomo. Hakuna. Kama kuna aliyemgusa. Hakuna.

"Sasa niandike nini?" akasema chifu. "Kwamba watu wameacha kununua mandazi?"

Bibi Wakili alikuwa na jibu lake. Aliandaa samansi ya shahidi, amri ya korti inayomlazimu mtu kufika kutoa ushahidi. "Swali hilo ni halali," aliniambia. "Mimi mwenyewe ningeliuliza. Ajibu alikuwa anaenda kupika, tumalize. Kampelekee."

"Bibi Wakili, jibu si kitu. Ni swali lenyewe litakalomuua."

"Bwana Karani, mteja wetu ni nani?"

"Ni Onchiri."

"Basi."

Nilichukua samansi nikapanda hadi kwa Mama Kwamboka asubuhi. Nyumba yake ilikuwa juu ya mteremko, jikoni kando, migomba pande zote. Nilimkuta uani ameshika ufagio, amesimama tu. Majani makavu ya mgomba yalikuwa yamerundikwa kwenye ukuta wa jikoni, mzigo juu ya mzigo, hadi kimo cha kiuno. Yalikuwa yamepangwa vizuri, kama kuni zinavyopangwa.

"Umeyaweka wewe, Mama?"

"Jana niliyatoa," akasema. "Leo yamerudi."

Jirani aliyekuwa akichuma chai ng'ambo ya ua alitutazama. Nilimsalimu kwa Ekegusii. Aliinama akaendelea kuchuma. Nimeandika habari za miili iliyokunjwa chini ya magari, nimeingia vyumba vya maiti kutafuta majina, lakini hakuna kilichowahi kunitisha kama majani yale. Hayakuwa na mwenyewe. Hakuna aliyesema neno. Yalisubiri tu mtu mmoja mwenye kiberiti.

Nilivua koti tukayabeba wawili hadi shimo la mbolea, na jirani akituona. Samansi haikutoka mfukoni.

Kutoka pale sikurudi ofisini. Nilikwenda kwa Onchiri. Alilala sebuleni kwa sababu chumbani mguu haukuweza kugeuka, na vyuma vilitokeza pajani. Mkewe Moraa alikuwa akimsafisha. Niliwaeleza yote bila kuficha. Niliwaeleza pia wazo langu, na wazo lilikuwa langu, si la wakili yeyote: tukubaliane na mawakili wa bima kuhusu lawama kabla ya siku ya kesi, Onchiri akubali robo, nao wakubali tusimwite shahidi. Makubaliano yakirekodiwa, daktari tu ndiye atakayesikilizwa, na swali lile halitaulizwa milele.

Moraa aliacha kitambaa ndani ya karai. "Robo ya nini? Alikuwa nje ya barabara. Lori lilimfuata nje ya barabara."

"Najua."

"Daktari anasema apasuliwe tena. Hiyo robo ndiyo upasuaji." Hakuinua sauti. "Unataka mume wangu aandikwe kwamba alijigongesha?"

"Sitaki. Nimekuja kuuliza."

Onchiri alikuwa ametazama dari muda wote. "Majani yalikuwa mengi?" akauliza.

"Hadi hapa," nikamwonyesha kiunoni.

"Mle mtaroni nilikuwa nasikia baridi inapanda kutoka miguuni," akasema Onchiri. "Yeye alikuwa ananiambia majina ya wateja wake, mmoja mmoja, na nani hupenda sukari nyingi. Nikitaka kulala ananipiga shavu, anaanza tena." Akamgeukia mkewe. "Moraa, ningekuwa kaburini."

"Na mguu?"

"Mguu nitauburuta."

Moraa alitoka nje. Tulimsikia akipasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa. Aliporudi alinitazama mimi, si yeye. "Andika," akasema. "Lakini wewe karani ujue umeandika uongo."

Bibi Wakili alikasirika siku mbili, kisha akampigia simu wakili wa bima, ambaye alikubali upesi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Siku ya korti watu wa Keumbu walijaa mabenchi ya nyuma. Turniboi alikuwepo. Mama Kwamboka hakuwepo. Hakimu alisoma makubaliano, akamtazama Onchiri aliyesimama kwa magongo mawili.

"Unaelewa kwamba unakubali ulichangia ajali hii?"

Niliona Moraa akifumba macho.

"Naelewa, mheshimiwa."

"Hakuna aliyekulazimisha?"

"Hapana. Nilikosea njia."

Nyuma yetu mtu mmoja akasema polepole, "Si tulisema," na wengine wakaguna kukubali. Habari hiyo ilifika Keumbu kabla yetu. Kwa miaka, watoto wa Onchiri waliambiwa shuleni kwamba baba yao alijitupa mbele ya lori apate fidia. Upasuaji wa pili haukufanyika. Ndizi alirudi kuuza akiwa amekaa, Moraa ndiye aliyezisukuma kwa mkokoteni. Majani hayakurudi ukutani. Mama Kwamboka alizeeka nyumbani kwake, akafa kitandani, na Onchiri alichechemea nyuma ya jeneza hadi kaburini.

Nimestaafu. Makarani niliowafundisha wametapakaa Kisii na Nyamira, na ukisoma taarifa ya shahidi ambayo mstari wake wa kwanza unaeleza anafanya kazi gani na kazi hiyo humtoa nyumbani saa ngapi, jua mkono wangu umepita hapo. Hayo hayafundishwi katika diploma. Niliyavumbua mimi.

Mke wangu alitangulia, na watoto wako mijini. Nina ng'ombe wawili wa maziwa hapa Suneka, na gari la maziwa hupita barabarani kabla hakujapambazuka, kwa hiyo kila alfajiri nashuka na debe langu. Mimi sasa ni mzee, na ninatembea peke yangu. Nikisikia nyayo mbele yangu gizani, sisubiri kuulizwa. Natamka jina langu na la baba yangu, na kwamba napeleka maziwa. Natamka kwa sauti, kisha nasimama nisikie nitakavyojibiwa.