Kufuli la Mkuu Mpya

Matroni wa bweni la wasichana hapa Chemchem ananusa kama mpishi aliyesahau chungu jikoni. Kila jioni hupita kitanda kwa kitanda, mkono wake mnene ukipekua chini ya magodoro kutafuta mshumaa au hita ya kuchemshia maji. Ndoo za mchanga wa kuzimia moto hutia kiganja ndani kuzikagua, maana wasichana hawachelewi kuzigeuza jalala la maganda ya karanga. Na mlango huusukuma kwa kidole kimoja. Ukikwama, fundi atamkoma siku hiyo.

Juzi mkuu mpya wa shule alimletea kufuli, ili mabinti wafungiwe usiku wasitoroke. Alilipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kwa adabu, kisha akapuliza filimbi ya hatari ya moto. Wakamiminika uani, wengine na povu la sabuni kichwani, kila mmoja akimgonga kiganja anapopita mlangoni, naye akihesabu kwa sauti. “Themanini na wawili. Hakuna aliyebaki,” akasema, kifua kimemjaa, kabla mkuu hajaangalia hata saa. Akawarudisha wote ndani, akamrudishia mkuu kufuli lake.

“Sasa funga, mwalimu, nami nipulize tena.”