Kura Isiyo na Majina

Mwalimu wetu wa hesabu hamalizi sentensi tatu bila kuuliza, "Tumeelewana, wanangu?" Sisi huitikia ndiyo kwa pamoja, naye hupangusa chaki kwenye sketi, upande uleule wa kulia uliokwisha kupauka, halafu husonga mbele kama gari lililopata mteremko. Juzi alitupeleka chumba cha kompyuta. Alikuwa amepata mtandaoni zana ya bure ya kupigia kura, isiyoonyesha majina, akaisifu kama mama anayesifu mkwe mpya. Akaandika swali lake lilelile, tukabonyeza, na projekta ikalitandaza jibu ukutani: darasa karibu zima, hapana. Mkono wake ukaenda kwenye sketi, ingawa hapakuwa na chaki ya kupangusa.

"Sasa mbona huwa mnaitikia ndiyo?" aliuliza taratibu, akiutazama ukuta, si sisi.

Kisha, chini ya kura, pale pa kuandikia maoni, yakatokea maneno ya mtu asiye na jina: "Tunapenda ukifurahi, mwalimu." Akayasoma kwa sauti, kama anavyotusomea kila kitu. Sauti ilimkatikia kwenye neno la mwisho, nami nikaficha vidole vyangu chini ya meza.