Solo yangu iligandisha baa nzima

Leo nimemwokoa Okello asifukuzwe kazi!

Mwenye baa tunayopigia hapa Bugolobi alisema bendi yetu ya roki ibaki na gitaa moja tu.

Mimi napiga solo, Okello anapiga rithimu.

Nikasema, "Bosi, tupime. Kila mtu apige peke yake."

Nikaanza. Wallahi, nyuzi zilitoa moshi! Watu wakaganda vitini, wananitazama kama televisheni. Heshima hiyo!

Okello akapiga chaka-chaka yake ileile. Baa nzima ikasimama kucheza.

Hata mke wangu!

Kabla bosi hajafungua mdomo, nikairukia rithimu ya Okello kwa solo yangu. Watu wakapiga vigelegele.

"Haya, bakini wote," bosi akasema.

Semeni nyinyi, nani kamwokoa mwenzake?

Okello, ssebo, wewe usijibu.