Mgeni Aliyeijua Nyumba kwa Mikono

Nyumba tuliinunua wakati wa ukungu, na labda ndiyo sababu kwa muda mrefu sikuamini kwamba ipo. Tulifika asubuhi kwa miguu kutoka stendi, mume wangu mbele na begi, mimi nyuma nimejifunga shuka mbili mabegani, na aliposimama akasema, "Ndiyo hii," sikuona kitu. Niliona weupe tu. Kisha ndani ya weupe ule ukajitokeza ukuta wa rangi ya maziwa yaliyoungua, mlango wa kijani, kibao ambacho herufi zake zimefutika, na juu kabisa, kama linaelea lenyewe, paa la bati.

Mimi ni mtu wa Voi, Kenya. Nimekulia kwenye joto na vumbi jekundu, mahali ambapo mtu akifungua dirisha anauona mlima pale alipouacha jana. Mume wangu ni Mfipa wa Mollo, pembeni mwa mji wa Sumbawanga. Alikuja kwetu akiwa kijana, fundi wa mafriji, akanioa, akakaa mpaka nikasahau kwamba naye ana kwao. Watoto wetu walipokua wakaondoka nyumbani, akaanza kupaota kwao. Alinisimulia ndoto zake asubuhi akiwa anavaa soksi: shamba la ulezi, upepo, mikaratusi inayovuma kutwa. Siku moja, soksi bado iko mkononi, akasema kuna gesti inauzwa Sumbawanga, vyumba sita na uwanja wa ndani wenye kisima. Mwenye gesti alikuwa anahamia Mbeya kwa binti yake.

"Gesti?" nikamuuliza. "Sisi tunajua nini kuhusu gesti?"

"Ndugu zangu wote wakipita hapa unawalaza, unawalisha, na wakiondoka wanakusifu. Unataka kujua nini zaidi?"

Hati iliandikwa jina lake, maana mimi ni raia wa nje. Nikacheka kwamba nitaendesha nyumba ya wageni, na mgeni kuliko wote ni mimi.

Mvua za mwaka ule wa kwanza hazikutaka kwisha. Uwanda wa Ufipa uko juu, na mawingu hayapiti juu ya watu kama kwetu. Yanapita katikati yao. Yaliingia uani asubuhi, yakazunguka kisima, yakatoka kwa mlango wa mbele bila haraka. Shuka hazikukauka. Tulizitundika koridoni, zikawa zinaning'inia pale kama watu warefu waliokaa kimya wakisubiri kuitwa, na mimi nikipita kati yao na ndoo ya maji ya moto ya mgeni nilisema "samahani" kabla sijakumbuka kwamba ni nguo.

Wageni walikuwa madereva wa malori, wafanyabiashara wa dagaa wanaopanda kutoka ziwani, na mara nyingine wafugaji wa Kisukuma waliokuja mjini kwa shughuli zao. Hao waliingia wameinamisha vichwa mlangoni hata pale ambapo mlango ulikuwa mrefu kuwazidi, wakauliza fimbo wazilaze wapi. Nilikuwa napika uji wa ulezi, nagawa kandambili, nafagia, na wakati wote nahisi kwamba kuna mwanamke fulani anafanya kazi hizo na mimi namtazama kwa mbali. Dukani niliposema "nipe chumvi," mwenye duka alinitazama kwa huruma. "Mama, huku tunasema naomba," akaniambia. Basi nikaanza kuomba chumvi, kuomba sabuni, kuomba njia.

Wale wawili walifika siku moja mchana, mvua ikiwa imetulia kidogo. Kwanza niliona ncha ya fimbo ikiingia mlangoni, kisha mwanamke mzee mfupi aliyeishika, kisha fimbo yenyewe ikaendelea kuingia, na mwisho wake akatokea mwanamume mrefu mwenye shati jepesi la watu wa ziwani. Yeye alishika upande wa pili. Macho yake yalikuwa na weupe uleule uliokuwa nje.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakaitika pamoja, na yule mwanamume akageuza uso kuelekea kwangu. "Wewe si wa huku. Unaongea kama mtu anayedai."

Mkewe akamvuta fimbo kidogo, kumkanya. Mimi nikacheka, na nilikuwa sijacheka kwa muda mrefu.

Walitoka Kipili, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Walikuwa wamesikia kwamba madaktari wa macho wamekuja hospitalini, na kwamba mtoto wa jicho sasa anatolewa na mtu anaenda zake. Lakini hospitali ilipompima mzee ikakuta presha yake iko juu, akapewa dawa na kuambiwa asubiri ishuke. Ndugu wa kuwapokea mjini hawakuwa nao. Nikawapa chumba cha mwisho, karibu na jikoni, kwa sababu kina joto.

Mzee aliomba aachwe peke yake koridoni. Akaweka viganja viwili ukutani na kutembea taratibu, mlango kwa mlango, akipapasa kitasa, kizingiti, ufa wa plasta, pembe ya meza. Aliingia katikati ya zile shuka zilizotundikwa na hakushtuka. Alizipapasa moja moja kisha akapita. Alipofika jikoni akaninyooshea mkono niliposimama, akasema, "Nyumba nzuri. Imekaa vizuri. Naomba tu usihamishe kitu mpaka nitakapoondoka."

Sikuhamisha. Hata ndoo niliirudisha palepale. Na kwa kuwa nililazimika kukumbuka kila kitu kiko wapi, nikaanza na mimi kuijua nyumba: ubao unaolia, mlango unaogoma wakati wa mvua, pembe ya uani ambako upepo haufiki. Nilianza kusema "jikoni kwangu" bila kusita.

Jioni walikaa barazani, blanketi moja magotini mwao wote wawili. Mkewe alikuwa na rozari mkononi, na walipomaliza kusali mzee alikuwa na desturi ya kuuliza, "Unaona nini?"

Naye akamweleza. Nilikuwa nachambua maharage nyuma ya dirisha na nikasikia. "Mbele yetu kuna bustani," alisema. "Maua ya njano, yamejaa mpaka barabarani. Kuna mengine mekundu, siyajui jina. Kuna mti wa kivuli, na chini yake watoto wanacheza."

Nikasimama kuchungulia. Mbele ya baraza yetu kulikuwa na lundo la mchanga ambao mume wangu aliununua wa kutengeneza choo, na juu yake mbuzi wa jirani. Zaidi ya hapo ukungu.

Kesho yake nikiwa namwagia yule mama maji ya kunawa nikamuuliza kwa sauti ya chini kuhusu yale maua. Hakuona haya hata kidogo.

"Mchanga ataufanyia nini?" akasema. "Giza lilipomwingia alikuwa anakaa kutwa anatazama ukuta ambao hauoni. Nikaanza kumwambia vitu. Mwanzo nilimwambia vilivyopo. Lakini kwetu vilivyopo ni vilevile kila siku, mwanangu: mitumbwi, dagaa juani, kuku. Nikaanza kuongeza."

"Umeongeza kwa muda gani?"

"Tangu nilipokuwa na meno yote."

Ndipo nilipoelewa kwa nini kadiri presha ya mzee ilivyozidi kushuka, mkewe alizidi kunyamaza. Siku hospitali ilipomwambia mumewe ajiandae, alikuja jikoni akakaa kwenye kigoda changu, akanyoosha mikono kwenye jiko la mkaa. Halafu akavua kilemba na kuniuliza kama najua kusuka. Nywele zake zilikuwa chache, nyeupe, laini kama pamba. Nikamsuka mistari midogo nikiogopa kuvuta.

"Aliponiona mara ya mwisho nilikuwa mwanamke mwenye mwili," akasema. "Sasa atafungua macho amkute bibi kizee. Na Kipili yote niliyomjengea haipo. Nilimwambia kanisa limepakwa rangi ya bluu. Nilimwambia jirani yetu ana ghorofa."

Nilitaka kumpa moyo. Nikamwambia masista wa kanisa la jirani wana miche ya maua, naweza kuomba michache tukapanda mbele ya baraza kabla hajarudi. Akafikiri, akatikisa kichwa.

"Hapana. Auone mchanga. Nimechoka kubuni."

Mzee alifanyiwa jicho la kulia, akarudi kwetu na bandeji, akalala. Asubuhi ilibidi arudishwe hospitalini akafunguliwe. Mkewe alikuwa ameshavaa kitenge nilichomwazima, cha kijani chenye ndege, lakini alipofika mlangoni akaniwekea ncha ya fimbo mkononi.

"Nenda naye wewe. Mimi nitasubiri hapa."

Tukaenda. Mzee hakuuliza kitu. Bila shaka alijua kwa jinsi fimbo ilivyoshikwa kwamba aliye mbele si mkewe. Hospitalini walikuwa wamepangwa kwenye benchi, wazee kwa wazee, kila mmoja na jicho lake jeupe la bandeji, kimya kama watu waliomo kanisani kabla ya padri kuingia. Muuguzi akapita akifungua. Alipofika kwetu nikasogea pembeni, lakini mzee alikuwa ameshageuka upande niliokuwepo, na mtu wa kwanza aliyemwona duniani nikawa mimi.

Akanitazama. Jicho lilimtoka machozi.

"Kumbe mwembamba," akasema. "Kwa sauti ile nilijua nimekaribishwa na mama mnene."

Kisha akatazama mikono yake. Aliigeuza, akaigeuza tena, akaniuliza taratibu, "Hii ni ya nani?" Nikamwambia ni yake. Akaiweka mapajani kwa uangalifu, kama vitu vya kuazima.

Njia ya kurudi nyumbani haikwisha. Alisimama mbele ya kila kitu. Ndoo nyekundu za plastiki zilizopangwa mbele ya duka zilimshika muda mrefu mpaka mwenye duka akatoka. Alisimama kutazama bajaji, kamba ya nguo, tope lenye kipande cha anga ndani yake. Ukungu ulikuwa umeanza kunyanyuka siku ile, na vilima vilikuwa vinatoka kimoja kimoja, na mimi niliyekuwa nimeishi pale miezi yote ile nilikuwa naviona kwa mara ya kwanza kama yeye. Hakuna aliyemwonyesha mwenzake. Tulisimama tu pale barabarani, watu wakitukwepa na kupita pembeni.

Mkewe alikuwa amesimama barazani, mgongo umenyooka, mikono ameificha ndani ya kitenge. Mume wangu alikuwa kwenye paa akigonga misumari. Alipotuona akaacha kugonga.

Mzee alifika karibu kabisa. Alimtazama mkewe usoni, akashuka mpaka miguuni, akapanda tena. Yule mama akaanza kupumua kwa nguvu.

"Sema basi," akamwambia.

"Umefanana na mama yako," mzee akasema.

Nilimwona anavyoumia. "Mama yangu alikuwa mzee," akajibu.

"Mama yako alikuwa mzuri. Nilipokuja kwenu mara ya kwanza nilimwona yeye kabla sijakuona wewe. Nikasema moyoni, hapa hapa."

Yule mama akafunika uso kwa kitenge changu. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani naye hakujua. Mzee akageuka sasa kutazama mbele ya baraza. Palikuwa na lundo la mchanga, limelowa, na mbuzi yuleyule juu yake. Alilitazama sana.

"Haya ndiyo maua?" akauliza.

"Ndiyo hayo," mkewe akasema ndani ya kitenge.

"Yamestawi."

Juu ya paa mume wangu akaanza kugonga tena, polepole.

Walikaa siku chache zaidi mpaka daktari aliporidhika, kisha wakapanda gari la kuelekea Kipili. Mzee hakutembea tena kwa kupapasa, ingawa mara mbili tatu nilimkuta koridoni amefumba macho, viganja vyake ukutani. Nilimwacha.

Kiangazi kilipoingia, ulezi ukavunwa na upepo ukawa mkavu na baridi, mume wangu akasema twende tukawatembelee. Tulifunga gesti kwa mara ya kwanza tangu tuinunue. Barabara inashuka kutoka uwandani kuelekea ziwani, na hewa inabadilika kadiri unavyoshuka. Mpaka tunafika nilikuwa nimevua sweta, nimevua soksi, nimesikia jasho mgongoni, na nikajiona nimekuwa mtu wa Voi tena.

Yule mama alitukaribisha kivulini mbele ya nyumba yao, akawasha moto, akaanza kukaanga migebuka. Mumewe alikuwa ufukoni.

"Hakai," akanilalamikia, akigeuza samaki. "Kutwa anazunguka kutazama. Ameenda mpaka kwa jirani kumpongeza kwa ghorofa, na jirani ana kibanda. Nilitaka nife kwa aibu. Na jioni haniulizi tena kitu."

"Unasikitika?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Nilikuwa nimeshazoea kuulizwa," akasema.

Wakati ule sauti ikaja kutoka majini. Mzee alikuwa amesimama akielekea jua, kiganja juu ya macho, anamwita mkewe aje haraka.

"Kuna nini?" mkewe akapaza sauti.

"Njoo uone maji yalivyo!"

"Nimeyaona hayo maji tangu nizaliwe!"

Lakini alikuwa ameshanikabidhi mwiko. Akashuka ufukoni akinung'unika, kitenge kikipigwa na upepo, akasimama ubavuni mwa mumewe. Mzee alinyoosha kidole kuonyesha mahali fulani mbali, na yeye akatazama, akatikisa kichwa, akasema jambo ambalo halikutufikia. Mzee akaonyesha pengine. Walikaa huko muda mrefu, na samaki wakawa wameiva. Mume wangu akasema tuwasubiri. Nikamwambia samaki watapoa, basi tukaanza kula.