Chupa Thelathini na Nane na Rafu Moja

Wifi yangu alinipigia simu saa kumi na moja na nusu alfajiri. "Njoo na sufuria yako kubwa, na njoo sasa," akakata. Salamu hakuna. Ndivyo alivyo. Nilitoka mbio na miaka yangu sitini na mitatu, sufuria mkononi, maana siku hiyo nilikuwa nimeingoja wiki mbili kama mtoto anayengoja nguo mpya.

Ilikuwa siku ya mashindano ya chupa za chai.

Msicheke kwanza. Wifi yangu, mjane wa kaka yangu, alipima maziwa kiwandani kwa miaka thelathini na mmoja. Lori likiingia getini, yeye ndiye wa kwanza kulipanda, kipimajoto mkononi. Maziwa yakizidi joto hata kwa digrii mbili, yanarudi yalikotoka. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Digrii. Kuna siku alirudisha madebe ya baba yetu, baba mkwe wake mwenyewe, mbele za watu. Tukadhani ndoa imekwisha. Baba akarudi nyumbani, akanywa maji, akatuambia, "Kaka yenu amepata mke." Tangu hapo hakusikia la mtu kuhusu mkwewe.

Ungedhani mtu wa aina hiyo nyumba yake ni nyeupe, kitanda na kiti. Thubutu. Alikusanya kila kitu cha zamani kilichowahi kukanyaga sebule ya mtu. Alikuwa na makopo ya biskuti za sikukuu yenye picha za farasi, ambayo ukiyafungua kwa tamaa unakuta vifungo na sindano. Alikuwa na birika za enameli, maua ya karatasi, na mikufu ya taa ndogo za kupambia sebule, nusu yake zimekufa na nusu zinawaka zikijisikia. Na alikuwa na vitambaa sita vya kufutia mikono mezani, vyeupe, kila kimoja kimetariziwa ua jekundu pembeni, ambavyo havikutoka kabatini ila siku ya sikukuu.

Nimesema sita? Vilikuwa vitano. Cha sita kilipotea miaka ishirini na miwili iliyopita, na kila sikukuu tangu hapo wifi alivihesabu kwa sauti akitandika meza: kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Kisha ananyamaza, ananitazama. Hakuwahi kunishtaki, maana angenishtaki ningejitetea. Alinitazama tu, halafu akaenda kuleta vikombe, na mimi nikabaki na shingo imewaka moto.

Lakini maradhi yake hasa yalikuwa chupa za chai. Alikuwa nazo thelathini na nane. Alizinunua kwa wenye kuhama, alizibadilisha kwa kuku, alizifuata kwenye masoko ya vitu vilivyotumika. Za maua, za mistari, za mabati, za plastiki zilizopauka. Moja ilikuwa ya kijani, imebonyea ubavuni, aliiokota siku kiwanda kilipobadilisha samani. Na moja ilikuwa nyekundu, ya mawaridi, aliyoletewa na kaka yangu sikukuu yao ya kwanza baada ya kuoana. Hiyo ilikaa juu kabisa, peke yake.

Sasa nyumba ilikuwa imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja na magoti mawili mabovu. Binti yake, fundi cherehani, akamtengea chumba kwake, akakipima kwa futi yake ya kupimia nguo. Kitanda hapa, kabati hapa. "Na rafu ya jikoni, mama, inaingia chupa moja. Moja, mama."

Tulitegemea kilio. Badala yake wifi alichangamka kama mtu aliyepewa kazi mpya. Makopo akagawa kwa asubuhi moja. Taa akampa mwenye kibanda cha soda. Ilipofika zamu ya chupa, akakataa kuchagua kwa moyo. "Moyo hauna namba," akaniambia. "Zishindane. Itakayotunza joto toka asubuhi mpaka jioni nitahama nayo. Zilizobaki mchukue."

Akawaita majirani. Wakaokota vikaratasi kwenye kopo la biskuti, kila mtu na chupa yake: ikishindwa, anaibeba kwenda nayo nyumbani. Fundi redio wa pale kona, mwenye mdomo usiopumzika, akaangukiwa na ile ya kijani. Mimi nikafungua karatasi yangu. Nyekundu.

Basi asubuhi ile ua ulijaa watu. Majiko saba yaliwaka, masufuria yakatoa mvuke, na wifi alisimama katikati na koti lake jeupe la kiwandani, ambalo halikufunga tena tumboni, mbele yake ubao mweusi na chaki. Macho yalimng'aa. Sikuwa nimemwona hivyo tangu tumzike kaka. Ilimradi hata mimi nilijikuta nacheka bila sababu.

"Sheria ya kwanza," akasema. "Ya kwanza kujazwa ni ya kwanza kupimwa. Sheria ya pili. Chupa iliyobadilishwa kioo cha ndani haishindani. Huwezi kumpa kijana jina la mzee, kisha ukamwingiza kwenye mbio za wazee."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Sababu ni hii. Miaka ishirini na miwili iliyopita, wifi akiwa zamu ya asubuhi, kaka yangu aliosha ile chupa nyekundu. Akamwaga chai ya moto, akatia maji baridi papo hapo. Ikalia pa, na kioo cha ndani kikawa vipande. Kaka alikuwa fundi bomba, mtu wa kubeba vyuma begani, lakini siku hiyo alikaa sakafuni. Akakimbia dukani kununua kioo kipya. Mimi akaniweka mlangoni nichunge njia, yeye akaingia chumbani kukifunga. Alipotoka aliitikisa sikioni mwangu, haikutoa mlio. Akaniapisha. "Akijua hii siyo ile niliyompa, nimekwisha." Nikaapa. Husemwa siku za mwizi ni arobaini. Za kaka yangu zilipita elfu na elfu, na miaka sita iliyopita akaenda na siri yake kaburini.

Wifi alipita akikagua. Alifungua vitako vya chupa kimoja kimoja, akachungulia, akatoa chupa mbili nje ya mashindano bila kuwahurumia waliokwisha kuzizoea. Alipofika kwenye nyekundu aliishika, akaifuta kwa kiganja, akairudisha mezani. "Hii haina haja. Hii naijua."

Katika maisha yake yote, hicho ndicho kitu pekee nilichomwona akikipitisha bila kukipima.

Saa moja asubuhi chupa zote zilikuwa zimejazwa maji ya moto na kufungwa. Saa sita mchana zikafunguliwa kwa zamu, kipimajoto ndani, kipimajoto nje, chaki ubaoni. Chini ya sabini, nje. Ya mwalimu mstaafu ilisoma arobaini na moja. "Hiyo siyo chupa, mwalimu, hilo ni jagi," fundi redio akasema, na mwalimu akalikumbatia jagi lake akaondoka nalo kwa furaha, akiwaambia watu njiani kwamba angalau lina maua. Chupa ishirini na tano zilitoka duru hiyo. Nyekundu ilisoma themanini na nne. Kijani themanini na tatu.

Hapo ndipo watu walipopagawa. Wenye shughuli zao wakaziahirisha. Kinyozi akamwacha mteja kichwa nusu, akaja kutazama, mteja akaja naye na shuka lake shingoni. Wapo waliokuwa upande wa kijani kwa sababu ya ubishi wa fundi redio, na waliokuwa upande wa nyekundu kwa sababu ya marehemu. "Mzee anapambana huko aliko," mmoja akasema, na wifi akatabasamu akageuka upande.

Saa tisa zikabaki nne. Nyekundu bado mbele. Binti yake akanishika mkono. "Shangazi, unaona? Inashinda. Mama atahama na chupa ya baba." Nikamwambia naona. Nikaenda kukaa nyuma ya tangi la maji.

Nisikilizeni, maana hapo ndipo nilipobanwa. Nikinyamaza, wifi anahama na zawadi ya mumewe, kila mtu anafurahi, na kiapo changu kinabaki kizima. Lakini mwanamke aliyerudisha maziwa ya baba mkwe wake ataandika kwa mkono wake namba ya uongo, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemwandikisha. Nikisema, nyekundu inatolewa. Na ikitolewa inakwenda kwa nani? Kwangu. Mimi, ambaye kwa miaka ishirini na miwili nimetazamwa kwa sababu ya kitambaa. Nani ataamini kwamba simtamanii chupa yake? Nilitamani ile chupa ishindwe yenyewe. Nilikaa nyuma ya tangi nikiiombea ipoe.

Haikupoa. Jioni, watu wakiwa wamebanana mpaka ukutani, wifi akapima mbili za nyuma, hazikufika sitini, kisha akatumbukiza kipimajoto kwenye kijani. Sitini na tisa. Akaandika. Akaenda kwenye nyekundu, akangoja, akakisogeza karibu na miwani.

"Sabini na moja."

Kelele zilizopanda hapo ziliwafanya kuku wa jirani waruke ukuta. Binti yake alikuwa analia na kucheka. Wifi akachukua chaki, akaiweka ubaoni.

"Wifi," nikasema. "Usiandike."

Sijui nilipata wapi sauti. Akageuka. Nikamweleza yote palepale: maji baridi, mlio, kaka sakafuni, duka, kiapo. Sikumtazama mtu. Nilipomaliza, fundi redio akakohoa. "Samahani, mama, nauliza tu. Ikitolewa, si ndiyo wewe unayeibeba?"

"Ndiyo mimi," nikasema.

Wifi akamwaga maji, akaigeuza chupa miguu juu, akafungua kitako. Alikizungusha polepole. Kikatoka. Akaingiza vidole viwili kati ya bati na kioo, akavuta.

Kilichotoka kilikuwa kimekunjwa mara nyingi, kimekuwa na rangi ya chai, na kimechukua umbo la mahali kilipobanwa. Akakikunjua juu ya meza. Pembeni palikuwa na ua jekundu, limetariziwa.

Kaka yangu. Kioo kipya kilikuwa kinacheza ndani ya bati, naye akafungua kabati akachukua kitambaa cha kwanza kilichomwangukia mkononi, akakishindilia ili kioo kisilie. Mimi nikiwa mlangoni namchungia njia.

Wifi alikitazama kile kitambaa. Akanitazama mimi, kwa jicho lilelile la kila sikukuu, ila safari hii jicho lilijaa maji. "Miaka ishirini na miwili," akasema. "Nimekuhesabu miaka ishirini na miwili."

"Nilikuwa najua unanihesabu."

"Na hukusema."

"Ningesema nini, wifi? Na mimi nilikuwa sijui kilipo."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, nami nikacheka, na watu ambao hawakujua habari za kitambaa wakacheka kwa kutufuata. "Mume wangu," akasema akifuta macho kwa koti, "amevunja chupa, ameiba kitambaa, akamwachia kesi dada yake. Na bado akala sikukuu yangu." Kisha akanishika mikono yote miwili, mbele ya watu wote. "Nisamehe, wifi. Nilikupima bila kipimo."

Nikamwambia yameisha. Yalikuwa yameisha kweli. Nilihisi mabega yangu yamekuwa mepesi.

Akarudi ubaoni. Watu wakaanza kumsihi: aiache nyekundu ishinde, nani atajali. Hata fundi redio akasema yeye kijani ikishindwa haimuumi. Binti yake akasema, "Mama, chukua zote mbili, nitaongeza rafu."

"Ulisema moja," wifi akajibu. Akaandika: kijani, sitini na tisa, ya kwanza. Akaweka chaki chini, akafunga kitako cha nyekundu, akanipa. Nikakataa. Akanisukumia tumboni. "Pokea. Mliivunja wenyewe, itunzeni wenyewe. Mimi nabaki na hiki." Akakikunja kitambaa mara nne, akakitia mfukoni mwa koti. "Hiki hakihitaji rafu."

Alihama wiki hiyohiyo, na chupa ya kijani iliyobonyea mapajani mwake ndani ya gari. Nyumba yake ya zamani wanakaa watu wengine sasa.

Sikukuu ilipofika akanipigia simu. "Njoo. Na uje na chai, kwenye chupa yako." Bila kitambaa ilikuwa imeanza tena kulia ndani, nikaenda nayo ikigongagonga ngazi zote tatu. Nilimkuta anatandika meza ndogo ya bintiye. Alivihesabu kwa sauti, kama kawaida yake: kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Akanitazama. Halafu akatoa mfukoni kile cha rangi ya chai, ambacho hakukifua, akakiweka mbele ya kiti changu.

"Sita," akasema, akaomba kipimajoto apime chai yangu.